Maziwa Hadi Kesho

Placidius alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Akitaka kununua viatu tu, ataizunguka ofisi nzima ya wilaya pale Rubwera, amuulize huyu na yule, kisha arudi nyumbani na ndara. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anataka mke, tena mke wa watu wa ng'ombe, na yeye ni mwana wa Muleba aliyekulia samaki na ndizi. Aliwachosha watu kweli.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kemirembe, mwalimu wa shule ya msingi kule Nyabiyonza, alikuwa amemkubali tangu Pasaka. Kwao ni Kamuli. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, akalelewa na bibi mzaa baba, Kaaka Sperancia, kwa maziwa ya ng'ombe wa bibi huyo. Ndani ya nyumba ile neno la Kaaka ndilo lilikuwa neno. Baba yake Kemirembe, Mzee Rweyemamu, alikuwa mtu mzima mwenye mvi zake na kiti chake kwenye baraza la kanisa, lakini lilipokuja suala la nani amwoe Kemirembe, alikaa kimya akimsubiri mama yake.

"Sikiliza vizuri," Kemirembe alikuwa amemwambia. "Kaaka hatakwambia ndiyo wala hapana. Akikukubali, atakuletea maziwa kwa mkono wake mwenyewe, kwenye chombo chake. Unakunywa yote. Hilo ndilo jibu. Asipoleta maziwa, ujue hakutaki."

"Na akileta nisinywe?"

"Utakuwa umenikataa wewe." Kisha akaongeza: "Na kitu kingine. Kwetu maziwa na nyama havikutani. Ukila nyama leo, maziwa ni hadi kesho."

"Vinaleta ugonjwa?"

"Wewe hupati kitu. Anayeumia ni ng'ombe. Maziwa yake yakikutana na nyama tumboni mwako, yeye kule aliko kiwele kinavimba, maziwa yanakatika. Kaaka amebakiwa na ng'ombe mmoja tu, Gaju. Mama yake Gaju ndiye aliyeninyonyesha mimi. Ukitaka kumuua Kaaka, mguse Gaju."

Hapo Placidius akacheka. Akauliza ng'ombe aliye Kamuli atajuaje kilichomo tumboni mwa mtu aliye Rubwera, ana simu? Kemirembe hakucheka. Alimtazama tu mpaka kicheko kikaisha chenyewe, na Placidius akaona aibu, akaahidi kwamba amesikia. Na kweli alisikia, lakini aliondoka na amri, ile sababu akaiacha pale pale.

Ndipo akaanza kuuliza watu.

Wa kwanza alikuwa Nolasco, mwenzake wa idara ya maji, mtu wa Bukoba, mnene, mwenye maneno mengi, ambaye ndiye angekwenda naye kama mshenga. Nolasco alimwambia nyama na maziwa vikikutana tumboni vinaganda vikawa jiwe, na ushahidi ulikuwa kwenye simu yake, sauti ya daktari fulani asiyetaja jina iliyozunguka kwenye kikundi cha wasapu. Daktari huyo alikataza pia nyama na soda baridi, nyama na tikitimaji, nyama ya mbuzi na chai ya maziwa, na kuku na kitu kingine ambacho hakikusikika kwa sababu jogoo aliwika kwenye sauti hiyo hiyo. Placidius aliisikiliza mara nyingi asipate hicho kitu ni nini. Kwa usalama akaacha kula kuku kabisa.

Mama yake, Ma Prudensia, alimpigia kutoka Muleba kumwonya asije akasahau ukoo wake. "Sisi hatuli moyo wa mnyama, Placidi. Babu yako aliula kwa kudanganywa, akababuka mdomo wiki nzima. Ukienda kwa watu, kagua sahani yako. Moyo ukikatwa vipande unafanana na nyama nyingine."

"Na maziwa, mama?"

"Maziwa yamefanya nini?"

Asubuhi ya safari yenyewe alipita dukani kwa Gharib kununua sukari, sabuni za mche na kitenge cha Kaaka. Gharib babu yake alitoka Pangani, na japo yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa Kagera na Kinyambo anakisema vizuri, mambo ya chakula aliyajua kipwani. "Nyama na maziwa, bwana wee, wala si tatizo," alisema akifunga kitenge kwenye gazeti. "Tatizo ni samaki na maziwa. Hapo utaota mabaka meupe mwili mzima, wallahi, utakuwa kama ramani. Wewe mtu wa Muleba umekula samaki lini mara ya mwisho?"

Placidius alikuwa amekula sato jana yake mchana. Akasema jana.

"Jana? Jana haihesabiki," Gharib akamtuliza. "Halafu maziwa siku hizi yenyewe yako wapi? Ona, haya ya pakiti ndiyo yanayotoka. Jana tu bodaboda amechukua pakiti kupeleka Kamuli. Kamuli, kwa watu wa ng'ombe! Nimecheka peke yangu."

Placidius hakucheka. Hakusikia hata. Kichwani mwake sato, moyo, tikitimaji na yule kuku walikuwa wanasukumana, na kitu kimoja tu kilikuwa kimesimama wima: leo asile nyama mpaka apewe maziwa. Alipanda bodaboda yake, Nolasco akapanda ya kwake, wakaondoka kwenye vumbi.

Nyumba ya Mzee Rweyemamu ilikuwa ndani ya migomba, bati jekundu, ua umefagiliwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Kahawa ilianikwa kwenye turubai upande mmoja. Upande wa pili kulikuwa na zizi dogo la miti, lango lake wazi, samadi yake bado mbichi. Placidius alilitazama kwa heshima. Akamnong'oneza Nolasco kwamba Gaju atakuwa malishoni, na Nolasco akamwambia azime simu, kwa sababu Ma Prudensia alikuwa amekwisha kupiga mara tatu njiani kuulizia moyo. Akaizima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, karibuni ndani waitu."

Mzee Rweyemamu aliwapokea kwa mikono miwili, lakini uso wake haukuwa pamoja na mikono. Alikaa, akainuka, akakaa tena. Aliuliza habari za Rubwera na kabla hajajibiwa akauliza habari za barabara. Kila mara jicho lake lilikwenda kwenye mlango wa chumba cha ndani, uliokuwa umefungwa. Placidius aliona yote hayo na kila kitu akakisoma vibaya. Huyu mzee, alijisemea, ameshajua jibu na anaona haya kuniambia.

"Mama yupo," mzee alisema, "ila hajisikii vizuri. Tangu juzi hatoki. Msimjali. Sisi tutazungumza."

Nolasco akaanza kuzungumza. Alieleza kazi ya Placidius, tabia ya Placidius, ukoo wa Placidius mpaka mababu waliolima kahawa ya kwanza kule Muleba, na mengine aliyabuni hapo hapo. Mzee aliitikia kwa kichwa. Kemirembe hakuonekana, maana siku hiyo mahali pake palikuwa jikoni, ila mara moja Placidius aliona kichwa chake dirishani kikimfanyia ishara. Alikuwa anatikisa kichwa na kuonyesha mdomo. Placidius akafuta mdomo kwa leso, akidhani una uchafu. Kemirembe akajishika kichwa kwa mikono yote miwili, akapotea.

Ndipo kikaletwa chakula.

Kwanza waliletewa maji ya kunawa, kisha sinia la ndizi zilizopikwa vizuri, zikitoa mvuke, na bakuli kubwa lililojaa nyama ya ng'ombe mpaka juu. Nyama nyingi ajabu, zaidi ya ile watu wanayonunua kwa wageni wawili, na vipande vikubwa vikubwa. Nolasco akasema "aah" kwa sauti.

Placidius aliitazama nyama ile. Maana yake alidhani anaijua. Nyama na maziwa havikutani. Wamempa nyama, kwa hiyo maziwa hakuna. Wamemkataa kwa adabu, kwa sahani iliyojaa, ili asirudi kwao akasema alipewa njaa. Miezi yote ile ya kupanda na kushuka kwenda Nyabiyonza kila Jumamosi, imeishia kwenye bakuli la nyama. Alitaka kulia, na mtu mzima wa miaka yake halii mbele ya baba wa mtu.

"Kula, kijana," alisema Mzee Rweyemamu. "Tafadhali kula."

Angefanyaje? Kukataa chakula cha baba mkwe, hata baba mkwe anayekukataa, ni utovu wa adabu. Alikagua vipande kwa ajili ya ule moyo, akachagua vile vyenye mfupa, akala. Nyama ilikuwa ngumu kidogo, ya ng'ombe mzee, lakini tamu. Alikula kwa huzuni, na kwa kuwa mtu mwenye huzuni hajui anakula kiasi gani, alikula sana. Nolasco alimpita. Mzee mwenyewe hakugusa hata kipande kimoja, alikula ndizi tupu, na hilo nalo Placidius aliliona asilielewe.

Vyombo vikaondolewa, wakanawa. Placidius alikuwa anatafuta maneno ya kuaga, maneno yasiyo na chuki wala kilio, mlango wa chumba cha ndani ulipofunguka.

Kaaka Sperancia alitoka. Alikuwa mrefu, mwembamba, amejitanda khanga mpaka kichwani, macho mekundu. Mikononi alikuwa ameshika ekyanzi, kile chombo cha mti cha maziwa, cheusi kwa moshi wa miaka mingi, na juu yake kifuniko cha kusukwa. Alitembea polepole, akakipita kiti cha mwanawe, akampita Nolasco, akasimama mbele ya Placidius. Akakiondoa kifuniko. Harufu ya moshi na maziwa ya moto ikampanda puani.

"Kunywa, mwanangu," alisema.

Mzee Rweyemamu alitazama chini.

Sasa hapo, ndugu msomaji, kama umewahi kuchanganyikiwa katika maisha yako, bado hujamfikia Placidius. Maziwa ndiyo jibu, na jibu ni ndiyo, liko mbele ya pua yake. Na nyama iko tumboni, haijapata hata muda wa kushuka. Akinywa, amevunja mwiko wa nyumba mbele ya wenye nyumba. Asiponywa, amemkataa Kemirembe. Je, ni mtihani? Walimpa nyama makusudi waone kama atakumbuka? Au maziwa ndiyo makusudi, waone kama ni mtu wa kutii mzee? Kwa nini mzee anatazama chini? Na mbona Kaaka macho yake mekundu?

Nolasco alimkanyaga mguu. "Kunywa," alinong'ona. "Kunywa bwana, tumbo tutalitibu."

Kwenye mlango wa jikoni alisimama Kemirembe, mkono umefunika mdomo. Placidius alimtazama akitafuta ishara, ndiyo au hapana, lolote. Uso wa Kemirembe haukuwa na ishara yoyote. Naye alikuwa amechanganyikiwa kama yeye.

Alinyoosha mikono akapokea chombo. Kilikuwa cha moto na kizito. Akili yake ikapita haraka kwenye yote aliyoambiwa, jiwe tumboni, mabaka, mdomo kubabuka, na yote yakawa maneno ya tumbo lake, tumbo, tumbo. Hata kama tumbo litaoza, alijisemea, kwa Kemirembe lioze tu. Akakiinua chombo. Kikafika kidevuni.

Ndipo sababu aliyoiacha kwa Kemirembe siku ile ikamrudia. Wewe hupati kitu. Anayeumia ni ng'ombe.

Hakuamini. Nisimsingizie kwamba aliamini, hata kidogo. Lakini bibi huyu aliyesimama mbele yake aliamini, na alikuwa na ng'ombe mmoja tu duniani, na usiku wa leo angekwenda zizini kumpapasa kiwele kwa hofu. Placidius hakuweza. Alishusha chombo.

"Kaaka, nisamehe. Nayataka maziwa haya kuliko kitu chochote. Lakini nimekula nyama sasa hivi. Nikinywa, nitamuumiza Gaju."

Kemirembe alitoa sauti mlangoni, sauti ya mtu aliyechomwa, akajifunika uso kwa khanga. Mzee Rweyemamu alisimama akaenda kusimama dirishani, mgongo kwa wageni. Nolasco akasema taratibu, "Maawe," kama mtu anayetazama nyumba ikiungua.

Nimeua, alijisemea Placidius. Sijui nimeua nini, lakini nimeua.

"Nani alikutajia Gaju?" Kaaka aliuliza.

"Kemirembe."

"Na umekula nyama gani?"

"Ya ng'ombe, Kaaka. Nimeletewa hapa. Sikujua kama…"

"Rweyemamu!" Kaaka aligeuka. "Umewapa?"

"Mama, ningewapa nini?" mzee alijibu bila kugeuka. "Wageni wamefika, nyama iko ndani. Nilijua maziwa hayapo tena, nikasema basi wasiondoke na njaa. Wewe hukuniambia kama una maziwa. Umejifungia, husemi na mtu."

"Nilimwambia Kemirembe."

"Na mimi baba aliniambia nipike," Kemirembe alisema kutoka ndani ya khanga yake. "Sikuthubutu kumbishia, nikapika. Nikamtumia huyu ujumbe asile. Nimemtumia mara ngapi! Nimemwonyesha dirishani asile! Amezima simu, na dirishani ananifutia mdomo!"

Placidius aliwatazama mmoja mmoja. Alielewa kwamba watu watatu wa nyumba moja walikuwa wamepishana, hilo lilikuwa wazi. Neno moja tu lilimkwama. "Maziwa hayapo tena?" aliuliza. "Kwani Gaju…"

Kaaka alivuta kigoda, akakaa. Ghafla alionekana mzee sana.

"Gaju alitumbukia kwenye korongo juzi, akivuka kwenda majini," alisema. "Akavunjika mguu wa mbele. Akalala kule chini akilia, mimi namsikia kutoka hapa. Ikabidi Rweyemamu aite watu wenye visu." Akakunja khanga magotini. "Mimi sili nyama ya ng'ombe niliyemkamua. Rweyemamu naye hali. Lakini wewe ni mgeni. Mwanangu, Gaju umemla."

Placidius aliikumbuka nyama ile ngumu, akakumbuka pia kwamba ilikuwa tamu, na utamu ule ukamuumiza kuliko kitu kingine. Nolasco, aliyekuwa amekula mara mbili yake, alijifuta jasho na hakusema neno, na kwa Nolasco hilo lilikuwa jambo kubwa.

"Na haya?" Placidius aliuliza, akitazama chombo mikononi mwake.

"Ya dukani. Kemirembe alimwagiza mtu wa bodaboda. Ningekupaje jibu bila maziwa? Nimekifukiza chombo, nimeyachemsha, nimeyaacha yapoe, nimeyachemsha tena. Bado yananukia karatasi." Kaaka alijicheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Nimekaa humo ndani nikijiuliza, Sperancia, unampa mtu maziwa ya nani?"

Mzee Rweyemamu akageuka kutoka dirishani. Macho yake yalikuwa mekundu vilevile, lakini alikuwa mtu wa kumaliza mambo. "Basi, mama, ugumu umekwisha. Gaju hayupo, haumii tena. Na maziwa ya pakiti hayana ng'ombe. Kijana anywe tu, tumalize."

"Hayana ng'ombe?" Kaaka alimtazama. "Yametoka kwenye mgomba?"

"Namaanisha hayana ng'ombe mmoja, mama. Yanatoka kiwandani."

"Kiwandani wanachanganya," Nolasco akaingilia, maana ulimi ulikuwa umerudi. "Ng'ombe wengi sana, waitu. Mamia. Maziwa yao yanamiminwa pamoja kwenye tangi moja."

"Mamia," Kaaka alirudia.

"Hata zaidi."

"Basi akinywa leo atawaumiza mamia."

Nolasco alitazama dari akitafuta la kusema, akakosa. Mzee alifungua mikono, akaifunga. Placidius bado alikuwa ameshika chombo, hajui akiweke chini au akirudishe, na alipomtazama Kaaka aliona kwamba hata yeye hajui. Bibi huyu aliyeushika mwiko huu tangu ni mtoto alikuwa ameketi pale na paji la uso limekunjamana, anahesabu, anapotea, anaanza upya. Ng'ombe wa pakiti wako wapi? Nani anawakamua? Je, wenye ng'ombe hao wanaushika mwiko, au wanajinywea tu na nyama zao? Na kama hawaushiki, mbona pakiti bado zinajaa maziwa?

"Sijui," Kaaka alisema mwishowe. Alilisema kwa mshangao. "Mimi nilimjua Gaju. Nilimjua mama yake na bibi yake. Hawa siwajui hata rangi."

"Kaaka," Placidius alisema, na sauti ilimtoka ndogo, "nifanye nini? Sema wewe. Nimeuliza watu wote wa Rubwera, kila mmoja ana lake. Wewe sijakuuliza."

Kaaka akainuka, akakichukua chombo mikononi mwake, akakifunika kwa kile kifuniko cha kusukwa, taratibu, akikibonyeza pande zote.

"Siwajui," alisema, "lakini wapo. Mahali fulani wamesimama na viwele vyao, na wao hawajatukosea kitu. Utalala hapa. Jioni utakula ndizi tupu. Maziwa hadi kesho."

"Mama, yataharibika," alisema Mzee Rweyemamu.

"Nimebakiza pakiti," Kaaka alijibu, akaingia chumbani na chombo chake.

Placidius alilala kwenye chumba cha wageni, kama kulala ni kujigeuza huku unauliza. Alikuwa amekubaliwa? Alikuwa amekataliwa? Mtu anaweza kuambiwa asubiri halafu kesho akasikia kitu kingine, hilo alilijua vizuri, alifanya kazi ofisini. Aliwasha simu akazikuta jumbe za Kemirembe zimepangana, zote kwa herufi kubwa, USILE NYAMA, na chini yake ujumbe mmoja wa Ma Prudensia ukiuliza kama moyo ameuona. Hakujibu hata mmoja.

Asubuhi ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya migomba alipoitwa. Kaaka alikuwa ukumbini, amevaa kile kitenge kipya. Mzee Rweyemamu alikuwa ameketi kitini kwake, na Kemirembe alisimama mlangoni mwa jikoni. Ekyanzi ilikuwa mkononi mwa Kaaka, imefukizwa upya, inatoa mvuke.

"Jana usiku ulikula nini?"

"Ndizi na chumvi, Kaaka."

"Na huyu?" Alimwonyesha Nolasco kwa kidevu.

Nolasco aliona haya. Jana jioni alikuwa ameuliza kama imebaki nyama, akasema ni heri iliwe kuliko itupwe. Kaaka akamwambia yeye atapewa chai ya rangi, naye akaisubiri pembeni.

Placidius alipiga magoti bila kuambiwa. Akapokea chombo. Maziwa yalikuwa na ladha ya moshi, na nyuma ya moshi kweli kulikuwa na karatasi, na nyuma ya karatasi, mbali kabisa, kulikuwa na kitu kitamu cha majani ambacho hakikuwa cha Kamuli. Alikunywa polepole. Kaaka alisimama juu yake akisogeza midomo bila sauti, na Placidius hakujua kama anamwita Gaju au anawaomba radhi wale wengine. Safari hii hakuuliza.

Alipomaliza, Kaaka alichukua chombo, akakiinamisha kwenye mwanga wa mlango, akachungulia ndani kuhakikisha hakubakiza. Kisha akageukia jikoni.

"Kemirembe," alisema, "njoo uchukue chombo cha mumeo ukakioshe."